Mzee Pima Anaagana na Bodi Zake za Umeme

Baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja katika kiwanda chetu cha maboksi, fundi mkuu wa umeme wa Idara ya Matengenezo anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Kwenye faili la utawala ana jina lake kamili, la kuzaliwa na la ukoo. Humu ndani hakuna anayelitumia. Mlinzi wa getini anamwita Mzee Pima, mkurugenzi anamwita Mzee Pima, na hata mke wake, siku alipopiga simu kuuliza kama mumewe amekula, alimuulizia Mzee Pima.

Kamati ya sherehe imenipa mimi, mtunza stoo, kazi ya kuandika wasifu huu. Sababu waliyoitoa ni kwamba nimefanya naye kazi muda mrefu kuliko wote. Sababu ya kweli ni kwamba nimegombana naye kuliko wote, na mtu uliyegombana naye miaka yote hiyo ndiye unayemjua. Sikukataa. Nilisema tu kwamba nikipewa kalamu nisipangiwe maneno. Wakakubali, kwa hiyo sasa shauri yao.

Mzee Pima alikuja kwetu akitokea kazi ya majumbani. Alikuwa amefunga umeme kwenye nyumba nyingi za mtaa huu, na bodi ya nyumbani aliijua kama mfuko wa shati lake. Kisanduku kidogo nyuma ya mlango wa korido, swichi kuu moja, breka zimejipanga mstari mmoja: ya taa, ya soketi, ya jiko, ya maji ya moto. Waya wa moto unaoingia ni mmoja. Ukiuzima huo, nyumba yote imezimika, na fundi anaweza kushika anachotaka huku anapiga soga na mwenye nyumba.

Kiwandani waya wa moto si mmoja, zipo tatu. Mafundi wanaziita fezi, na kila moja inakuja na umeme wake bila kujali mwenzake ana hali gani. Wiki yake ya kwanza hapa alitumwa kubadilisha kifaa kwenye bodi ya mashine ya kukata. Akafungua mlango wa bodi, akagusisha testa kwenye fezi ya kwanza, testa haikuwaka. Basi. Kwa fundi wa nyumba hapo maneno yameisha. Akairudisha testa mfukoni, akachukua bisibisi. Kumbe iliyokufa ni hiyo moja tu, fyuzi yake ilikuwa imeungua, na zile mbili nyingine zilikuwa hai, zinamsubiri. Kilisikika kishindo, ukatoka mwali, na sisi tuliogeuka kutazama tulimkuta mwenzetu yuko hewani. Alitua kwenye rundo la maboksi yaliyokuwa yanasubiri lori.

Mungu ni mwema, aliinuka na jeraha la kidole gumba tu. Tulicheka baada ya kuona anapumua, na mpakiaji mmoja akauliza mzigo ule ubandikwe anwani ya wapi. Yeye hakucheka. Aliomba testa yake, akarudi kwenye bodi ileile, akapima ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akapima kati ya moja na nyingine. Tangu siku hiyo hajawahi kuuamini waya kwa sababu tu jirani yake amekufa.

Hapo ndipo jina lilipozaliwa. Ukimwambia umezima, anasema pima. Ukimwambia umepima, anakuuliza testa yenyewe umeipima wapi, maana testa mbovu nayo haiwaki. Mafundi wote aliowalea hapa wanaujua utaratibu wake: gusa testa kwenye umeme ulio hai uone inawaka, pima pale unapotaka kushika, kisha rudi kwenye ule ulio hai uhakikishe testa haikufa njiani. Wageni huona ni mbwembwe. Sisi tuliomwona hewani hatuoni hivyo.

Na mimi amenichosha, nisifiche. Kuna siku alikuja kuomba breka ya ampea thelathini na mbili. Nikampa. Baada ya muda mfupi huyo karudi nayo, anaiweka mezani kwangu taratibu kama mtu anayerudisha sahani ya jirani. Nikamwambia thelathini na mbili ni thelathini na mbili, kama haitaki akatafute stoo nyingine. Akavuta kigoda, akakaa. Akasema ile ni breka ya nyumba: namba ni sawa, kifua si sawa. Nyumba nyingi ziko mbali na transfoma, shoti ikitokea huko inafika imechoka. Sisi transfoma iko hapo nje ya ukuta, shoti ya hapa inakuja na nguvu zake zote, na breka ya nyumba ikijaribu kuizuia inaweza kupasuka yenyewe. Akaendelea. Breka za bodi kubwa hazichomekwi tu, zinakazwa kwa nati kwenye vyuma vya shaba. Za mashine hukaa tatu zimeunganishwa kwa mkono mmoja, ili ikianguka moja, yaani ikijizima, zianguke zote, mota isibaki inajikongoja kwa fezi mbili mpaka iungue. Nikamuuliza kwa nini hayo yote hakuyasema alipokuja mara ya kwanza. Akasema sikumpa nafasi ya kusema. Tangu hapo breka za nyumba ziko rafu ya kushoto, za kiwanda ziko rafu ya kulia, na atakayezichanganya atanijua.

Wengi wenu mnakumbuka pia vita vya chai. Utawala uliigeuza moja ya nyumba za wafanyakazi, ile ya kona ng'ambo ya barabara, kuwa ofisi ya mauzo. Kuta zikapakwa rangi, meza zikaingia, bodi ikabaki ileile ya korido. Kila siku saa nne asubuhi umeme ukawa unakatika. Watu wa mauzo wakaanza kusema kuna mkono wa mtu. Mzee Pima alienda akakaa pale asubuhi nzima bila kugusa kitu, akiwatazama watu tu, mpaka wakadhani ametumwa na mhasibu. Ilipofika saa nne, mabirika yote ya umeme yakawashwa kwa pamoja, juu ya mzigo wa kompyuta, viyoyozi na mashine ya kutoa kopi vilivyokuwa vinafanya kazi tangu mlango ulipofunguliwa.

Alirudi na maelezo mafupi. Nyumbani watu hupokezana umeme, ofisini watu huushindania. Nyumbani anayepiga pasi hapiki, watoto wakienda shule bodi inapumzika, na usiku inalala pamoja na wenyewe. Bodi ya ofisi inabeba mzigo kuanzia asubuhi mpaka jioni bila kupumua, kwa hiyo ni lazima ijengwe kwa ajili ya siku nzima. Kuna bingwa mmoja alipendekeza zamu ya mabirika, na kweli kwa muda tulikunywa chai kwa ratiba. Ilikuwa nusura watu washikane mashati. Bodi ikabadilishwa.

Ukifungua bodi zake kubwa leo utakuta usafi mtupu. Kila breka ina kibandiko kinachosema inalisha nini, kwa maneno ya kawaida ambayo hata mpishi wa kantini anayaelewa. Ameacha nafasi kwa ajili ya mashine zitakazokuja, na ndiyo maana kila tulipoleta mashine mpya hatukuwahi kubomoa ukuta. Mzigo ameugawa kwenye fezi zote tatu kwa usawa kadiri inavyowezekana. Akimkuta mtu ameongeza kifaa kwenye fezi moja bila kuuliza, humwambia jifya moja haliinjiki chungu, kisha anahamisha mwenyewe huku akiguna. Mafundi waliopita mikononi mwake, wanaume kwa wanawake, sasa ni wakubwa katika viwanda vingine, na hakuna hata mmoja aliyeumizwa na umeme chini ya uangalizi wake. Kwa kazi hii, jamani, hilo si jambo dogo.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kamati walipolisikia walitazamana. Wasifu wa mstaafu kwa kawaida haugusi ya nyumbani kwake. Lakini nimemwomba ruhusa mwenyewe, amenipa, na dada yake naye amenipa, kwa sharti kwamba niseme yote na nisimpendelee mtu. Kwa hiyo tulieni.

Mzee Pima na dada yake wamezaliwa wawili tu. Dada ni mdogo kwake. Anaishi kwenye nyumba waliyoachiwa na mama yao, mitaa miwili kutoka hapa, na kazi yake ni kuoka mikate. Alianza na oveni moja jikoni. Kaka mtu ndiye aliyeifunga, kwenye ile bodi ya korido, akasema ni kwa muda tu. Yeye huyo ambaye hapa kazini neno "kwa muda" humpandisha presha! Lakini dada ni dada. Mikate ikapendwa. Ikaingia oveni ya pili, ikaja mashine ya kukandia unga, likaja na friza. Breka ikaanza kuanguka, na kila ikianguka mikate inalala. Dada akaona asimsumbue kaka yake kila siku, akamwita fundi wa jirani, ambaye aliing'oa breka ile akaweka kubwa zaidi. Haikuanguka tena. Watu wakashukuru.

Hilo ndilo kosa linaloteketeza nyumba za watu, na ninaomba kila anayesoma hapa alishike. Breka imewekwa ilinde waya uliomo ukutani. Ukiweka breka kubwa kuliko waya, ni sawa na kumfukuza mlinzi kisha ukafurahi kwamba siku hizi hakuna anayekupigia kelele.

Jumamosi moja mchana, yapata miaka miwili sasa, Mzee Pima alikwenda kumsalimia dada yake. Akiwa koridoni anavua viatu, akaegemea ukuta kwa kiganja. Ukuta ulikuwa wa moto. Upande wa pili wa ukuta ule ni chumba wanamolala wajukuu wa dada. Alifungua kifuniko cha bodi, akaiona ile breka, akasikia harufu ya plastiki inayoungua. Alizima swichi kuu, akatoa kufuli lake mfukoni, akaifunga, akatia ufunguo mfukoni.

Jikoni oveni zote mbili zilikuwa zimejaa, na unga wa oda ya shule ya bweni ulikuwa unaumuka kwenye mabeseni. Dada alitoka na mikono yenye unga akidhani umeme umekatika mtaa mzima. Akamkuta kaka yake amesimama mbele ya bodi. Alimwomba saa moja tu mikate itoke. Akakataa. Alimwomba nusu saa. Akakataa. Alimwomba amweleze basi kuna nini, naye akamjibu kwa mkato kwamba hakuna cha kueleza, umeme hauwashwi. Unga ukafurika mabeseni, ukamwagikia sakafuni. Shule ikatafuta mwokaji mwingine, ambaye wako naye hadi leo.

Wengi tukisikia hivyo tunasema alifanya sawa. Na kwa upande wa umeme alifanya sawa kabisa. Ukuta ulipopasuliwa, waya ulikutwa umekauka na kuwa mweusi kama ganda la mkate ulioungua, na plastiki yake ikawa inamomonyoka vidoleni. Siku chache zaidi, tungekuwa tunaandika habari nyingine. Dada aliuona waya huo kwa macho yake, wala hakubisha. Kilichomuumiza hakikuwa kuzimiwa.

Nyote mnajua kwamba hapa kiwandani Mzee Pima hazimi umeme wa mtu bila kupiga hodi. Kabla ya kugusa breka hupita chumba kwa chumba kwa miguu yake, anasimama mlangoni, anasema anataka kuzima nini, na anauliza saa ngapi itafaa. Hodi kwa mkurugenzi, hodi kwa mpishi, hodi kwa mfagizi mwenye mashine ya kusugulia sakafu. Hata siku moshi ulipotoka kwenye bodi ya mashine ya gundi, siku ambayo hakukuwa na nafasi ya kuuliza mtu chochote, alizima huku akipaza sauti kuwaambia walioko kwenye mashine watoe mikono, na moshi ulipotulia alimfuata kila mmoja kumweleza kilichotokea. Husema kwamba nyuma ya kila breka ya bodi ya kazini kuna riziki ya mtu, na riziki ya mtu haizimwi kama taa ya chumbani.

Dada yake alilijua hilo vizuri, maana kaka amelisimulia mezani miaka nenda miaka rudi. Siku ile, unga ukiwa bado unamwagika, alimwambia maneno haya, na ni yeye aliyetaka niyaandike kama yalivyo: "Kule kwenu unapiga hodi mpaka kwa mfagizi, kwangu umeingia kama askari." Naye, kwa hofu ya ukuta ule na kwa hasira, akajibu neno ambalo mpaka leo anatamani angelimeza. Alisema, "Hii ni nyumba tu."

Nyumba tu! Mwanamke anaamka alfajiri mwaka hadi mwaka, ana wasaidizi wanaomtegemea, anaulisha mtaa mzima, halafu ndugu yake wa pekee anamwambia hii ni nyumba tu. Siku Mzee Pima aliponisimulia, nilimwambia kwamba afadhali kile kishindo kilichomrusha kwenye maboksi kuliko neno lile.

Kuanzia hapo dada hakumwita tena kaka. Alimwita fundi. Mambo yote ya umeme aliyoambiwa aliyakubali, kwa sababu si mjinga na anawapenda wajukuu wake. Aliomba aletewe umeme wa fezi tatu, akajenga chumba cha kuokea uani, na kaka mtu akawa anakwenda kila mwisho wa wiki kumfungia bodi ya kibiashara, na chumba chake chenye mlango wa kufunga. Lakini dada akitaka kitu alimtuma wifi yake, mke wa Mzee Pima. Mwambie fundi soketi ya kukandia aipandishe, unga unaingia. Mwambie fundi vumbi linaanguka kwenye trei. Chai ya fundi iliwekwa dirishani. Ilikuwa chai nzuri, sukari sawasawa na anavyopenda, ila haikuja na neno lolote. Wifi mtu naye alichoka kubeba ujumbe kati ya watu waliotenganishwa na dirisha, akawaambia wote wawili kwamba yeye si waya wa simu.

Bodi ikakamilika, ikawashwa, oveni zikahamia uani. Bodi ya korido ikarudishiwa breka zake za haki na kubaki na taa na soketi za nyumba. Biashara ilikua kuliko ilivyokuwa kabla. Ndugu hao wawili wakawa wanaonana kwenye misiba na harusi, wanasalimiana kama watu waliowahi kupanga nyumba moja zamani.

Mzee wetu alibadilika, na kama hamkuona, mimi niliona. Kantini yetu hununua mikate ya dada yake, na alikuwa akishika kipande mkononi muda mrefu kabla ya kukila. Siku moja nikamuuliza kwa nini asiende kuomba msamaha. Akasema ameshaenda, tena si mara moja, akajibiwa kwa chai ya dirishani. Nikamuuliza aliomba msamaha wa nini. Akasema wa ile oda ya shule, na wa unga uliomwagika. Nikamwambia, Mzee, umepima fezi moja. Aliniangalia kama ninamtukana, akaondoka bila kuchukua hata kile alichokuja kuchukua.

Mwezi uliopita nilikuwa pale uani, nimekwenda kununua mikate ya nyumbani kwangu. Oveni ya tatu ilikuwa imeletwa, na bodi ilihitaji kuzimwa ili iunganishwe. Mzee Pima akafika na mfuko wake wa vifaa. Ufunguo wa chumba cha bodi alikuwa nao, angeweza kupita moja kwa moja kama alivyozoea. Hakupita. Alisimama nje ya mlango wa chumba cha kuokea, akauweka mfuko chini, akapiga hodi. Dada akatokea. Wasaidizi wakaacha kukata unga. Na yule mzee, ambaye sauti yake huivuka mashine ya kukata, akasema kwa sauti ndogo kabisa kwamba amekuja kuomba kuzima umeme wa kiwanda cha dada yake, na anauliza saa ngapi itaifaa kazi hiyo.

Dada alimtazama. Akazitazama oveni. Akasema, "Subiri mikate itoke."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza ya dada kwa kaka yake, uso kwa uso, ukiacha salamu za misibani, tangu Jumamosi ile. Mzee Pima akaketi juu ya gunia la unga, akasubiri. Alisubiri trei zilizokuwa ndani, kisha akasubiri na zilizofuata, ambazo nina hakika dada aliziingiza makusudi. Suruali ikawa nyeupe. Hakuangalia saa, hakuguna. Trei za mwisho zilipotoka, dada alikwenda mwenyewe kwenye bodi, akaishusha swichi kuu kwa mkono wake, akasogea pembeni, akasema, "Haya fundi, pima." Nililia palepale na mikate yangu kifuani, na sioni haya kuliandika.

Alikuwa bado ni fundi, mmesikia. Nilipomwangalia Mzee Pima akiinama kwenye ile bodi, niliona kwamba na yeye amelisikia neno hilo.

Mzee wetu, utawala unakushukuru kwa kiwanda ambacho hakikuwahi kuungua. Mafundi wako wanakushukuru kwa mikono yao iliyo mizima. Watu wa mauzo wanakushukuru kwa chai ya saa nne. Mimi nakushukuru kwa kunibishia, kwa maana wengine wakipewa kitu kisicho sahihi hukichukua tu ili waondoke mapema. Stoo itakuwa kimya sana bila wewe, na kusema kweli kimya hicho sikitaki.

Nimebakiza ujumbe mmoja. Wiki iliyopita nilimpelekea dada yako kadi ya sherehe hii. Aliipokea, akaifuta unga, akaniambia kwamba siku hizi ana fundi wake wa umeme aliyemwajiri, mwenye leseni, yule binti uliyemfundisha wewe hapa, na kwamba bodi ya uani sasa iko mikononi mwa binti huyo. Nikaona basi, hata ule mlango mdogo uliokuwa umebaki umeshafungwa. Niliaga, na nilikuwa nimeshafika getini aliponiita. Akasema nikwambie hivi, mbele za watu, neno kwa neno: "Fundi nimeshapata. Kaka sina mwingine. Aje."

Basi nenda, Mzee Pima. Sisi sote tunakutakia uzee mwema, wenye afya na utulivu, na wako wakiwa karibu. Mfuko wa vifaa uuache nyumbani.